Masaa 200 au 1,500? Marekani, Ulaya au Caravan ya nyumbani

Mwanakisiwa: Wakuu, mdogo wangu anakaribia kupata leseni ya urubani wa biashara pale Wilson, uwanja wa ndege wa Nairobi. Atatoka na masaa 200 na ushee. Mjomba anataka aende Marekani, mwenyewe anaota Ulaya, mimi naona abaki huku atafute kazi ya Caravan, ile ndege ndogo ya injini moja. Wenye uzoefu mtusaidie, ada imekula shamba la mzee.

MbawaMbili: Marekani ndiko kugumu zaidi kwa masaa. Ndege ya shirika la Colgan ilianguka karibu na Buffalo Februari 2009, wakafa watu 50, na familia zao zikalibana Bunge mpaka sheria ikapita 2010. Tangu 2013 hata rubani msaidizi wa shirika la ndege anatakiwa awe na masaa 1,500. Wapo wanaopunguziwa: aliyerusha ndege za jeshi lao 750, mwenye shahada ya urubani ya chuo kinachotambuliwa 1,000. Vijana wa kule wengi hufidia pengo kwa kufundisha wanafunzi. Mgeni bila kibali cha kazi atayapata wapi?

Bi_Anga: Ulaya msaidizi anaweza kuingia Airbus na masaa kama 200 tu. Zile 1,500 zinadaiwa anapotaka leseni kamili ya kumfanya kapteni, na 500 kati yake ziwe kwenye ndege ya marubani wawili. Lakini leseni ya Kenya haibadilishwi hivi hivi: atakalia upya mitihani 13 ya nadharia, apimwe afya kwao, afanye mtihani wa kuruka na mtahini wao.

MbawaMbili: Na bado mtu wa masaa 200 mimi simwamini na abiria 180.

Bi_Anga: Kaka, marubani wote wawili wa Colgan walikuwa wamevuka masaa 2,000. Usukani ulipotikisika kuonya kwamba kasi imeshuka mno, kapteni aliuvuta badala ya kuusukuma mbele. Msaidizi wa Ulaya anakaa na kapteni mzoefu, tena baada ya kufundishwa aina ile ya ndege kwenye simuleta. Tuulize masaa hayo aliyafanya nini.

Vumbi_la_Mara: Hapo dada umenena, na ndiyo sababu namuunga mkono Mwanakisiwa. Caravan inakufunza. Unafika kiwanja cha vumbi Maasai Mara, mvua imenyesha usiku, unapita chini kwanza ufukuze pundamilia na utazame matope, kisha unazunguka kutua. Uamuzi ni wako. Masaa ya kuwa kapteni ndiyo adimu: leseni kamili inataka mpaka 250 ya namna hiyo, 100 ya usiku na 75 ya kuruka kwa kufuata vyombo bila kutegemea kuona nje. Simuleta haihesabiwi zaidi ya 100 katika zile 1,500. Ila Caravan huruka mchana zaidi, kwa hiyo usiku autafute mapema.

Mwanakisiwa: Na kampuni za Caravan zinamchukua mwenye 200?

Vumbi_la_Mara: Kwa kiti cha kushoto, yaani cha kapteni, mara chache. Bima huwa inadai masaa zaidi ya yale ya leseni. Wengi huanzia kulia kama wasaidizi, au wanafundisha kwanza. Achukue leseni ya ukufunzi hapo hapo Wilson, alipwe huku masaa yakipanda. Ulaya mitihani 13 anaweza kuisomea jioni.

Bi_Anga: Naafiki. Kabla hamjalipa chochote, akapimwe afya daraja la kwanza la Ulaya. Akikwama hapo, njia ya Ulaya imefungwa, na ada ya mitihani mtakuwa mmeiokoa.