Kazi rahisi za mikono kwa watoto wadogo likizo hii ya Desemba

Mama Wawili, Dar es Salaam

Habari zenu wanajukwaa. Shule zimefungwa, na nyumbani nina watoto wawili, mmoja wa miaka mitatu na mwingine anayekaribia sita. Ningependa tutengeneze pamoja vitu vidogo vya sikukuu, kama kadi za kuwapelekea babu na bibi na mapambo ya kuning'iniza sebuleni. Shida ni kwamba video ninazoziona mtandaoni zinataka gundi ya moto, karatasi za kumetameta na mikono ya fundi, na mwisho wake mama ndiye anayefanya kazi yote huku watoto wakitazama. Natafuta kazi ambazo mtoto anaweza kuzifanya mwenyewe kwa vitu vilivyomo ndani, na ambazo zikiharibika hakuna atakayelia, mimi nikiwa wa kwanza. Wenzangu mnafanya nini?

Mwalimu wa Awali, Morogoro

Dada, anza na mihuri ya mboga. Bamia likikatwa kwa kukingama huacha chapa ya nyota, kitunguu maji kilichokatwa nusu huacha miduara ndani ya miduara, na kiazi mviringo unaweza kukichonga umbo lolote, mradi kisu kibaki mikononi mwako. Kwa rangi, koroga unga wa manjano na maji kidogo, au kwaruza bitiruti uikamue. Kisha loweka kitambaa kilichokunjwa juu ya sahani, mtoto agandamize mboga hapo badala ya kuichovya kwenye bakuli na kumwaga. Wavalishe fulana kuukuu kabisa, maana manjano haitoki nguoni kirahisi.

Karatasi usinunue. Mwaka unakwisha, na nyuma ya kurasa za kalenda mara nyingi ni peupe na pagumu kiasi cha kufaa kwa kadi. Mdogo apige mihuri, mkubwa aandike jina lake ndani, hata kama herufi moja imetazama nyuma. Bibi atakayeipokea hatafuti mwandiko. Andaa kila kitu kabla ya kuwaita, kwa sababu mtoto wa miaka mitatu hutulia dakika chache tu, na ukizitumia kutafuta mkasi zimekwisha. Akiinuka kwenda kucheza, mwache aende.

Baba wa Nakuru

Sisi tunapenda unga wa chumvi. Changanya vikombe viwili vya unga wa ngano na kimoja cha chumvi laini, kisha mimina maji kidogo kidogo, karibu kikombe kimoja, huku ukikanda mpaka donge liache kunata mkononi. Watoto wanausukuma kwa kile kifimbo cha chapati, wanakata maumbo kwa mdomo wa glasi, na wanagandamiza jani lenye mishipa iliyojitokeza ili libaki na alama. Toboa tundu la uzi kwa mrija kabla haujakauka, kisha uanike juani ukigeuzageuza. Baada ya hapo wapake rangi wanayotaka. Na kama mna maputo, yapulizeni, wachore nyuso juu yake.

Mwalimu wa Awali, Morogoro

Ndugu wa Nakuru, unga wa chumvi nauunga mkono, ila kwa dada aliyeko Dar kuna tofauti: chumvi huvuta unyevu, na kwa hewa ya pwani mapambo hayo yanaweza kulainika tena baada ya kukauka. Ayafanye membamba, na akiwa na ovena ayakaushe kwa moto mdogo. Amkataze mdogo kula donge, kwani chumvi yake ni nyingi mno kwa mtoto. Maputo mimi ningeyaacha kabisa. Kipande cha puto lililopasuka huweza kumkaba mtoto, na shanga ndogo au maharage ni hivyo hivyo kwa huyo wa miaka mitatu.

Bibi wa Pangani

Mwanangu, huko Dar minazi bado ipo. Omba kuti moja bichi. Ukishauchana ukuti na kuutoa kijiti chake cha kati, una vitu vya kutengenezea saa za mikono, miwani na pangaboi. Kwa pangaboi, chukua vipande viwili vifupi vya ukuti, vikunje na kuvipitisha kimoja ndani ya kingine vifanye msalaba, choma chelewa, yaani kile kijiti cha kati, katikati, kisha mtoto akimbie nalo dhidi ya upepo. Lisipozunguka, legeza katikati. Ukuti mkavu usihangaike nao, huvunjika.

Huyo mkubwa mfundishe kusuka kwa karatasi: wewe chana mistari katika ukurasa mmoja bila kufika ukingoni, yeye apitishe vipande vya rangi nyingine, juu, chini, juu, chini, kama tunavyosuka jamvi. Na kabla ya kununua kichezeo chochote, tazameni chini ya mkrismasi, ule mti wa maua mekundu. Makaka yake marefu, yaani maganda ya mbegu zake, yakikauka hulia kama kayamba yakitikiswa, na wakiyapaka rangi wanaimba nayo siku ya sikukuu. Wajukuu zangu hawasherehekei Krismasi, lakini Idi nayo wanayapiga vivyo hivyo.

Mama Wawili, Dar es Salaam

Shikamoo bibi, na ahsanteni nyote. Tutaanza na bamia, kisha makaka, kwa kuwa mkrismasi upo nje ya geti letu. Mti wetu huwa ni tawi la mvinje kwenye ndoo ya mchanga, kwa hiyo kadi zitakazobaki tutazining'iniza hapo. Nimebakiwa na swali la gundi: ya dukani mdogo huipeleka mdomoni.

Mwalimu wa Awali, Morogoro

Pika uji wa ngano. Koroga vijiko viwili vya unga katika maji baridi mpaka mabonge yaishe, mimina kwenye maji yanayochemka, na ukoroge mpaka uwe mzito. Waupake kwa vidole ukishapoa. Hunasa karatasi vizuri, ingawa hauwezi kushika maboksi mazito. Pika kidogo kidogo tu, kwa sababu kwa joto la Dar huchacha upesi.