Kompresa ya AC ya Corolla 110 imekufa: used, mpya ya Kichina, kuitengeneza, au niing'oe?

MzeeWaTabata
Wakuu, habari za jioni. Nina Corolla 110 ya 1998. Wiki mbili hizi kulikuwa na mvumo mbele kama mashine ya kusaga, jana kwenye foleni ya Ubungo ikapiga kelele moja kali, ikafuata harufu ya waya kuungua, na tangu hapo ni hewa ya moto tu. Fundi wa mtaani kaitazama dakika mbili, kasema kompresa (pampu inayosukuma gesi ya AC) imekufa, nitafute laki sita na nusu afunge mpya na gesi juu. Kwa gari hili naona kama kumnunulia babu suti ya harusi.

Nimezunguka Gerezani, used ya Japani nimetajiwa laki mbili bila ufundi. Mpya ya Kichina laki nne. Kuna mwingine anasema ya kwangu inafunguliwa na kutengenezwa. Au niing'oe nifungue vioo, yaishe. Nani kapitia haya?

KibokoYaFoleni
Fungua vioo mkuu. Noah yangu huu mwaka wa tatu haina AC na sijafa. Ila kabla hujang'oa tazama mkanda. Kuna gari mkanda mmoja unazungusha dainamo, pampu ya maji na kompresa, hapo itabidi utafute mkanda mfupi unaoiruka kompresa. Ikiwa ina mkanda wake peke yake, unautoa tu. Shida yangu ni masika: kioo cha mbele kinapiga ukungu, nafuta kwa kitambaa huku naendesha.

FundiBaridi
Mzee, usizike mtu anayepumua. "Kompresa imekufa" inaweza kuwa mambo kadhaa tofauti, na bei zake haziko karibu hata kidogo.

Washa injini, washa AC, fungua boneti. Puli ya kompresa inazunguka muda wote, lakini sahani ya mbele yake inatakiwa inase na kuzunguka pamoja na puli, utasikia "tak". Isiponasa, bado huna ushahidi wowote kwamba pampu yenyewe imeharibika. Pima fyuzi na relei kwanza. Halafu chomoa waya wa klachi (hiyo sahani, puli na koili ya sumaku inayowanasisha), weka mita kwenye omu: koili nzima husoma kama 3 hadi 5. Ikigoma kusoma kabisa, imekatika.

Kama koili ni nzima na umeme unafika lakini sahani hainasi, pima mwanya kati ya sahani na puli. Ukizidi sana nusu milimita, sumaku haina nguvu ya kuvuta, hasa koili ikishapata moto. Wale wenye AC inayofanya kazi asubuhi na kukata saa saba mchana, anzieni hapo. Unafungua boliti ya katikati, unatoa washa (ringi) moja nyembamba nyuma ya sahani, unarudisha. Nimeshawahi kumaliza kazi ya namna hiyo kwa pesa ya soda.

Sasa huo mvumo wako pamoja na harufu ya kuungua, mimi nahisi beringi ya puli. Ikishalegea puli inayumba, inakwaruza koili, joto linaimaliza. Klachi nzima hubadilishwa bila kugusa gesi. Mara nyingi hata kompresa huitoi kwenye gari, kama mkono unaingia.

Ila kama sahani inanasa, funga geji za presha ya gesi. Gari likiwa limezimwa na limepoa, kwenye nyuzi 30, pande zote mbili zitasoma karibu psi 95 hadi 100 kama gesi ipo. Ukiwasha, upande mmoja unatakiwa ushuke hadi 30 au 40 na mwingine uzidi 200. Zikibaki sawasawa huku klachi imenasa, hapo ndipo pampu imekufa, tuzungumze mazishi.

NjiaPanda254
Mimi niko Nairobi, 110 pia, kwa hivyo nisikilize vizuri juu nilichomeka pesa mara mbili. Yangu ilikufa ndani kabisa. Nikaenda Grogan, kule kwa spea, nikachukua used, mekanika akafunga, akajaza gas, nikatoka nikijiona mjanja. Miezi minne, kwisha. Tulipofungua, oili ilikuwa nyeusi na inameta kama mtu amemwaga poda ya make-up. Zile chembe za chuma za kompresa ya kwanza zilikuwa zimebaki kwenye kondensa (ile rejeta ya AC ya mbele), zikarudi kuua ya pili.

Kwa hivyo kabla ununue chochote, fungua paipu moja, pangusa ndani na tishu nyeupe. (Gas itolewe kwanza na mashine, si kuifyatua hewani, inachoma ngozi.) Ikiwa oili iko safi, used ni sawa kabisa. Ikimeta, used ya laki mbili ni bei ya uongo.

Na ukiwa dukani: zungusha sahani na mkono, izunguke kwa uzito laini bila kukwama. Weka kidole gumba kwenye matundu, moja likunyonye na lingine likusukume. Matundu yawe yamezibwa. Imekaa wazi kwenye vumbi, achana nayo. Linganisha pia plagi ya waya, mitaro ya puli na mashimo ya boliti na yako. Zinafanana machoni, zinakataa kwenye injini.

FundiBaridi
Njia Panda kasema kweli, naongeza. Kondensa za gari za sasa zina vijinjia vyembamba vinavyopita sambamba. Ukipiga dawa ya kusafisha inapita kwenye njia zilizo wazi na kuruka zilizoziba. Ikishaingia chuma, nunua nyingine. Vali ya evapareta (kipoozeo cha ndani ya dashibodi) nayo, na draya. Draya hata bila chuma hubadilishwa kila mfumo unapofunguliwa, maana kazi yake ni kunyonya unyevu na ikikaa wazi hushiba. Fundi akija na kidumu cha petroli kusafishia mabomba, chukua funguo zako uondoke.

Ya Kichina sina ugomvi nayo. Nimefunga zilizodumu na nimefunga zilizovuja sili ya shafti mwezi wa kwanza. Kati ya hiyo na used safi ya Denso, mimi nachukua used. Kufungua pampu na kuitengeneza kunalipa kwenye gari ambalo spea yake haipatikani, si 110.

MwanaKilindini
Mimi ni fundi wa makontena ya baridi, Mombasa. Nyote mmesahau gesi. Gari la 1998 linatumia R134a, kibandiko kiko chini ya boneti na uzito umeandikwa. Ijazwe kwa mizani baada ya vakyumu (pampu kunyonya hewa yote) ya angalau nusu saa, kisha pampu izimwe mtazame kama mshale unatulia. Siyo kujaza mpaka "bomba litoe jasho".

Na mtungi wa bei ya kutupa uuogopeni. Mwaka 2011 kompresa za makontena zililipuka Vietnam na Brazil, zikaua mafundi. Gesi iliuzwa kama R134a kumbe imechanganywa na kloridi ya methili, ambayo ikikutana na aluminiamu hutengeneza kitu kinachowaka kikigusa hewa tu. Kompresa yako imejaa aluminiamu, ndugu yangu. Wale wanaojaza gesi ya jikoni nao, evapareta iko mbele ya magoti yako. Ikivuja inavujia wapi?

ShangaziSharjah
Huku kwetu bila AC Agosti hufiki hata dukani, kwa hiyo kompresa zilizokatwa kwenye magari mabovu ni tele. Lakini wanangu, zimefanyishwa kazi miezi mingi kwa mwaka kwenye joto la 45. Used iliyotoka Japani imepumzika kila baridi. Ukiletewa "used ya Dubai" uliza kwanza imetoka gari la wapi.

MzeeWaTabata
Nimerudi. Koili haisomi kitu. Puli nikiishika inacheza kama jino la mtoto. Fyuzi nayo ilikuwa imekatika. Nimepata klachi iliyotolewa kwenye kompresa mbovu, elfu sabini, beringi nikaweka mpya kabisa elfu kumi na tano. Fundi mwingine kaifunga kwa elfu thelathini, kaingilia chini baada ya kuvua tairi la mbele, gesi hakuigusa. Mwanya kaupima kwa ile fila ya kupimia vali, akatoa washa moja.

Kipima joto cha jikoni nimekitumbukiza kwenye tundu la kati: nyuzi 9 likiwa linatembea, kwenye foleni linapanda hadi 14. FundiBaridi, hiyo 14 ni gesi pungufu au feni ya kondensa?

FundiBaridi
Feni kwanza. Washa AC gari likiwa limesimama, uone kama inazunguka. Kama haizunguki umeshapata jibu bila kulipa.

KibokoYaFoleni
Hiyo klachi ya elfu sabini umeipata duka gani? Naulizia tu.