Mashine za moshi za Halloween: boksi linaonyesha bustani, kijitabu kinasema tumia ndani tu. Huu ni wizi!

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu nawaandikia hasa mlioko huku Marekani, ambao watoto wameshaanza kuuliza nyumba itapambwaje tarehe 31 Oktoba, usiku wa Halloween, ile sikukuu ya vinyago. Nimepigwa, na sitaki mwingine apigwe.

Nilinunua mashine ya moshi kwenye duka moja kubwa hapa Ohio. Mbele ya boksi kuna picha ya makaburi ya mapambo kwenye majani, taa za kijani, na moshi mzito umelala chini, unawafika watoto magotini. Pembeni wameandika kwa herufi nene kwamba inatoa futi za ujazo 2,000 kwa dakika. Nikalipa. Nafika nyumbani nafungua kijitabu cha maelekezo, na huko ukurasa wa mwisho, kwa herufi za kutafuta na miwani, imeandikwa: itumike ndani, mahali pakavu, isipatwe na unyevu.

Ndani! Kama ni ya ndani, mmepigaje picha bustanini? Na kwa nini mmeipanga rafu moja na makaburi ya nje, mifupa ya nje na taa za nje?

Nikaijaribu barazani, chini ya paa, pakavu. Ikapasha moto dakika kadhaa, taa ya kijani ikawaka, nikabonyeza rimoti. Moshi ukatoka, ukapanda moja kwa moja mpaka usawa wa paa, upepo ukauzoa. Sekunde chache tu ikakata ili ipashe moto upya. Wanangu wamesimama kwenye majani wanasubiri ule moshi wa kwenye picha. Haukuja, na kwa mashine ile hauwezi kuja, na waliotengeneza boksi wanajua hivyo.

Ngoja nieleze, maana hapa ndipo wanapokula hela zetu. Ndani ya mashine kuna pampu ndogo na hita. Pampu inasukuma maji ya moshi, yaani mchanganyiko wa maji na glaikoli au gliserini, yanapita kwenye chuma cha moto, yanageuka mvuke, na ule mvuke ukikutana na hewa ya nje unakuwa ukungu. Mashine ya wati 400 hita yake ni ndogo. Ukibonyeza inapoa, inajizima, unasubiri. Zile futi 2,000 zina maana mahali penye kuta na dari, ambapo moshi wa awamu ya kwanza bado upo awamu ya pili ikitoka. Ndiyo maana kwenye harusi zetu kule nyumbani, bwana na bibi harusi wakifungua muziki, ukumbi unajaa vizuri. Nje hakuna kinachouzuia. Kwa bustani ya kawaida, chini ya wati 1,000 ni kupoteza hela, na hata hiyo uiweke upande upepo unakotokea, usiiweke katikati ya mapambo.

Halafu ule moshi wa kulala chini. Moshi unaotoka kwenye hita ni wa moto, na cha moto hupanda. Ili ulale lazima upozwe kwanza: unaupitisha kwenye kasha lenye barafu, unaingilia upande mmoja na kutokea upande wa pili ukiwa baridi. Wanaojua wanatumia kulaboksi ya kawaida na bomba. Kwa hiyo ile picha ya kwenye boksi ama walipoza moshi kwa barafu, ama walitumia barafu kavu, ama ni kazi ya kompyuta. Hakuna hata mstari mmoja unaosema hivyo.

Nilipopiga simu huduma kwa wateja, yule kijana akaniambia nisogeze mashine kwenye ngazi za mlangoni ili moshi "uonekane vizuri". Ngazi ambazo usiku ule watoto wa mtaa mzima watapanda na kushuka wakiomba pipi, wamevaa vinyago vyenye matundu mawili madogo ya macho, na makanzu yanayoburuza! Nikamwambia hapo hapo kwamba huo si ushauri, ni kuvunja watoto miguu. Moshi usifunike ngazi wala njia ya kupita, wala usielekee barabarani kwenye magari. Tena mashine hizi hutema matone ya maji yake, na yakitulia kwenye saruji panateleza. Na mdomo wa mashine unaunguza. Mtoto akiushika, au akisimama mbele yake inapotema, ataungua. Iwe mbali na njia, nyuma ya kizuizi. Jirani yangu, mama mmoja wa Bukavu, ana binti mwenye pumu. Yule mtoto hatakiwi kabisa kupita kwenye moshi huu, na si yeye peke yake mtaani.

Umeme ndio unanitia hasira zaidi. Mwisho wa Oktoba huku majani yameanguka, yamelowa, kila kitu kina unyevu. Wanakuuzia kifaa kisichotakiwa kuguswa na unyevu, wanakionyesha kimekaa kwenye majani. Kwa mtu yeyote atakayewasha chochote nje: tumia soketi yenye kinga, ile yenye kitufe cha kujaribu, ambayo inakata umeme wenyewe ukivuja. Waya wa ekstensheni uwe wa matumizi ya nje, na mnene. Pale plagi zinapoungana painuliwe, pasilale kwenye majani. Mvua ikianza, zima. Na piga hesabu: wati 1,000 kwa umeme wa volti 120 ni zaidi ya ampea 8, wati 1,500 ni ampea 12 na nusu. Nyumba nyingi laini moja ni ampea 15. Ongeza taa na yale madude ya kujaa upepo, breka inakata usiku wenyewe. Sijaona boksi hata moja lenye hesabu hiyo.

Sasa mtu akishakasirika na mashine dhaifu anaingia mtandaoni, na huko ndiko hatari ilikojaa. Kuna wanaoelekeza watu wajaze kulanti ya gari, yaani maji ya kupozea injini, kwenye tangi la mashine. Jamani, kulanti nyingi ni ethilini glaikoli, ni sumu! Nunua maji ya moshi yaliyotengenezwa kwa mashine hiyo, basi. Usiongeze manukato wala rangi. Gliserini ikiungua kupita kiasi inatoa hewa inayochoma macho na koo. Tangi lisikauke mashine ikiwa inafanya kazi, pampu itakufa.

Wengine wanakimbilia barafu kavu. Ile ni hewa ya ukaa iliyoganda, nyuzi 78 chini ya sifuri, ukiishika mkono mtupu inakuunguza. Ikiyeyuka inakuwa hewa nzito inayojikusanya chini na kufukuza oksijeni, na walio chini ni watoto wadogo. Usiiweke kwenye chumba cha chini ya nyumba, usisafiri nayo kwenye gari ulilofunga vioo, na usiifungie kabisa kwenye chombo kisichopumua, kitapasuka.

Haya yote yangetosha kwenye upande mmoja wa boksi. Nafasi ipo, wameijaza mafuvu.

Niliporudi dukani na risiti wakaniambia bidhaa ya msimu ikishafunguliwa hairudishwi. Sasa ningejuaje kilichomo kwenye kijitabu bila kufungua boksi? Meneja hakujibu, akaniita "mteja wetu mpendwa", akaondoka.

Madai yangu ni mawili. Maneno "tumia ndani tu" yawe mbele ya boksi, kwa herufi za ukubwa ule ule wa zile futi 2,000. Na hela yangu irudi. Malalamiko nayapeleka ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Ohio, wanapokea kesi za walaji, na suala la usalama naliandika kwenye SaferProducts.gov, tovuti ya tume ya serikali kuu ya usalama wa bidhaa. Nililipa kwa kadi, kwa hiyo benki nao nawaandikia leo.

Aliyewahi kurudishiwa hela kwa bidhaa ya msimu iliyofunguliwa, iwe jimbo lolote, aseme alipita wapi na alionyesha nini. Na mwenye boksi kama hili nyumbani apige picha ya mbele na ya ule ukurasa wa mwisho, aziweke hapa.