Gari jipya limelala Uyole wiki ya 9 kwa kukosa nozeli, na walioniuzia hawapokei simu

Wakuu, leo sina salamu ndefu.

Nina gari la mizigo la Kichina, la tani 3, nililitoa Dar jipya kabisa, siti bado zina nailoni. Hata mwaka halijamaliza. Sasa hivi linanyeshewa mvua kwenye gereji ya fundi pale Uyole, Mbeya, wiki ya 9, kwa ajili ya nozeli mbili za kupulizia mafuta kwenye injini na kontroboksi, ile kompyuta ya gari. Benki haijui habari za nozeli. Tarehe 5 ikifika wanataka rejesho lao.

Siku ya kununua, kijana wa mauzo aliniita "mzee wangu" kila sentensi. Nilimuuliza jambo moja tu: spea Mbeya zipo? Akajibu, "Mzee wangu, spea yoyote ndani ya siku 3, na Mbeya tunafungua tawi." Meseji zake ninazo mpaka leo. Bei yenyewe ilikaribiana na Kenta (Mitsubishi Canter) ya mtumba kutoka Japani. Gari jipya kwa bei ya mtumba, nani angekataa?

Likanizimikia natoka Isyonje na viazi, magunia 28. Nikakodi Fuso ya watu kuhamisha mzigo usiku kwenye baridi, mimi na utingo wangu, faida ya safari ikaishia hapo. Kupiga simu Dar, wiki ya kwanza naambiwa mzigo upo bandarini. Wiki ya nne naambiwa, "Modeli yako kiwandani ilishabadilishwa, inabidi tuagize upya." Gari halijatimiza mwaka, wakuu! Tangu wiki ya sita simu inaita tu.

Fundi wangu hana kosa. Kenta anaishusha injini na kuirudisha bila kuuliza mtu. Mashine yake ya kupimia inasoma Mjapani yeyote, ila kwa hili langu inagoma, eti haitambui gari. Kuna programu ya kiwanda, na hiyo wanayo wakala peke yao. Kwa hiyo hata nikipata kontroboksi, lazima nilipakie gari kwenye lori jingine nilipeleke Dar, nishuke nalo mlima Kitonga likiwa mgongoni mwa mwenzake.

Usiku sipati usingizi, nikaanza kusoma kwa nini haya yanatokea. Mwaka 2023 China iliipita Japani kwa kuuza magari nje, zaidi ya milioni 4.9. Huko kwao viwanda vimekuwa vingi kuliko wanunuzi. Mwanzoni mwa mwaka huohuo Tesla, yule wa magari ya umeme, alishusha bei China, wengine wakamfuata, kila mmoja anakata bei ili mwenzake afe kwanza. Na kweli wanakufa: WM Motor, mtengenezaji wa magari ya umeme wa huko China, aliomba kulindwa na mahakama dhidi ya wanaomdai Oktoba 2023. Anayebaki hai anabadilisha modeli haraka haraka ili aonekane mpya, na ziada anaisukuma nje. Sisi ndio nje yenyewe. Mtu wa kiwandani anahesabu gari lililouzwa, hahesabu gari linalotembea.

Wazee wa huku wanaikumbuka Land Rover 109. Ilipanda milima hii kabla ya lami. Kilichokuja kuitoa ni Toyota, na Toyota hakushinda kwa bei ya chini, maana Land Cruiser haijawahi kuwa rahisi. Ile Land Cruiser 70 ilitoka 1984 na mpaka leo inatengenezwa, umbo ni lilelile na vifaa vingi vinaingiliana. Halafu Wajapani wanaendesha kushoto kama sisi, mitumba yao ikatujaa, na kila gari lao lililochoka likawa duka la spea la lililo zima. Nenda Mwanjelwa hapa Mbeya uone. Huo ndio ushindani ninaouelewa mimi mwenye gari moja.

Na asije mtu kuniambia nawachukia Wachina. Malori yao yanapita hapa Uyole usiku na mchana kwenda Tunduma na yanapiga kazi. Lakini angalia ni ya nani. Ni ya matajiri wenye magari 50, 100, wenye stoo zao na mafundi wao, wanaoagiza spea kwa kontena. Wakala anawanyenyekea hao. Mimi wa gari moja, nikishasaini tu, biashara yangu na yeye imeisha. Kama huna stoo ya spea kuanzia Iringa mpaka Tunduma, usituuzie gari huku. Uza Dar hukohuko ulipo!

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza muuzaji kumdanganya mnunuzi. Jumatatu napeleka barua Tume ya Ushindani, pamoja na risiti, mkataba na zile meseji za "siku 3". Jina la kampuni siliweki hapa mpaka barua igongwe muhuri wa kupokelewa.

Mwenye gari lililolala kwa kukosa spea, uwe Mbeya, Songwe, Njombe au Iringa, njoo PM tuandike barua moja wote. Njoo na risiti na tarehe uliyoripoti ubovu. Na kama kuna mtu anajua nozeli za gari la hivi zinapatikana wapi, hata Lusaka, aniambie bei leo hii, nitapanda basi usiku.