Betri ya kurunzi inasoma volti 1.6: niibusti au ndiyo basi?

Mchokoo (Micheweni)
Asalaam alaykum jamani. Mimi mtu wa pwani, Pemba. Bamvua likifika, maji yakitoka usiku, nashuka mwambani kutafuta pweza. Kurunzi yangu ya kichwani inakula betri mbili za kuchaji, zile zilizoandikwa 18650.

Mara ya mwisho nilirudi alfajiri hoi, nikaitumbukiza kurunzi kwenye pakacha, kumbe sijaizima. Siku ya tatu naitoa, imekufa. Shemeji yangu ana mita, tukapima: moja 3.1, nyengine 1.6. Nikazitia kwenye chaja. Ya kwanza imepanda mpaka 4.18. Ya pili chaja inakonyeza taa tu, haitaki hata kuanza.

Fundi mmoja kanambia niibusti: niiunge kwa nyaya na hiyo iliyojaa, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, dakika moja, itaamka. Nifanye? Na la pili: ubavuni imeandikwa 3.7. Hiyo 4.18 si nimeijaza kupita kiasi? Bamvua lijalo limebaki siku tisa.

Babu Karabai
Yakhe, karabai ilikuwa ikikaribia kuzima inakupigia kelele kwanza, mwanga unadhoofu, unajua urudi. Hizi zenu zinakufa kimya kimya. Mimi volti simo, lakini nalisubiri jibu, maana mjukuu wangu anazo sita kama hizo, kazilundika kwenye kopo la maziwa.

Dada wa Sola (Chake)
Wa alaykum salaam. Kaka, usibusti. Nasema hivyo kwanza kwa sababu najua watu huacha kusoma katikati.

Hiyo 3.7 ni wastani wa safari nzima, siyo kituo cha mwisho. Betri ya lithiamu ya namna hii ikijaa inasoma 4.2, na chaja nzuri haipotoki zaidi ya 0.05 hapo. Kwa hiyo 4.18 yako ni nzuri tu. Ukiona 4.3 itoe, na chaja yenyewe itupe. Chini, mimi nahesabu 3.0 kuwa imekwisha. Utaona baadhi ya watengenezaji wanaandika 2.5, lakini hiyo hupimwa betri ikiwa kazini. Ukizima taa ukaiacha ipumzike, volti hupanda yenyewe. Ndiyo maana napenda kupima baada ya nusu saa, si papo hapo.

Sasa hiyo 1.6. Ndani mna karatasi nyembamba ya shaba. Betri ikishuka sana na kukaa hivyo, shaba inaanza kuyeyuka kwenye maji yake ya ndani. Ukija kuichaji, shaba inaganda tena mahali isipotakiwa, na inaweza kuunganisha chanya na hasi humo humo ndani. Pengine itaamka kweli, ikakufanyia kazi wiki mbili. Halafu siku moja inapata moto ikiwa kwenye paji la uso wako. Na kule kuiunga na iliyojaa, tofauti ni zaidi ya volti 2.5 na hakuna cha kuzuia umeme: waya utakuunguza vidole kabla hujahesabu kumi.

Kitu kingine nimekiona kwenye maelezo yako. Zingekuwa zimepangwa sambamba, zote zingesoma sawa. Zimetofautiana, maana yake kurunzi yako imezipanga mkia kwa kichwa. Hapo dhaifu ikifika chini, mwenzake anaendelea kuikamua, hata ipite sifuri. Basi usinunue moja ukaichanganya na hiyo ya zamani. Nunua mbili za aina moja siku moja, uzichaji pamoja, na hiyo ya 4.18 ipeleke kwenye kurunzi ya betri moja. Lakini iache kwanza siku nzima bila kuitumia, upime tena. Ikibaki 4.1 na kitu, nzuri. Ikiwa 3.9, nayo mgonjwa.

Babu, kopo la maziwa ni bati! Mwambie mjukuu azitoe leo. Ganda zima la betri hizi ni hasi, mpaka juu karibu na kitovu cha chanya. Ngozi ya plastiki ikichanika pale juu ikagusana na bati, mambo yameharibika.

Mchokoo (Micheweni)
Dada ahsante sana. Zimeandikwa 9900 mAh, kile kipimo cha umeme inaobeba betri. Au ndizo zile za uongo?

Dada wa Sola (Chake)
Ndizo zile, za uongo. Nzuri za umbo hilo hucheza kwenye 3000 hadi 3500. Kama kuna sonara karibu yako muombe mizani: ya kweli ina gramu 45 mpaka 50 hivi. Na baina ya bamvua na bamvua usiziweke zimejaa chini ya bati la paa, joto linazila. Ziache kwenye 3.7 au 3.8, uzijaze siku ya kushuka. Chumvi ifute kwa kitambaa chenye maji baridi, yaani yasiyo ya bahari, ukaushe.

Mbovu izibe ncha zote mbili kwa utepe wa mafundi umeme, iweke kwenye mchanga nje ya nyumba. Usiichome na taka wala usiitupe baharini.

Mchokoo (Micheweni)
Nimetoka kwa sonara. Mbovu ina gramu 31, na ile "nzima" 33. Siku ya pili imesoma 3.94. Bamvua hili nakwenda na kurunzi ya shemeji, pweza tutagawana.

Babu Karabai
Kopo nimelimwaga mkekani. Mbili zimechubuka ngozi. Mjukuu kanuna.