Mrejesho: kompyuta ya baba mdogo

Wakuu, niliomba ushauri kuhusu kompyuta ya baba mdogo kule Tanga: Windows 7, nywila moja kila mahali, na kaka yangu anakataza nisiiguse kwa kuwa "mzee ameizoea". Shangazi naye akaniona najifanya mjuaji.

Nilikwenda Jumamosi. Shikamoo, chai, ndipo kompyuta. Nikamweleza mzee kwamba kwa sisi watumiaji wa kawaida Windows 7 iliacha kupata masasisho ya usalama Januari 2020. Tundu la usalama likigunduliwa leo, hakuna wa kuliziba. Akasema, "Mbona hukuniambia tangu mwanzo?" (Nilimwambia. Basi tu.)

Nilinakili picha na hesabu za duka kwenye diski ya nje, nikaichomoa, maana virusi vinavyofunga mafaili hula hata diski iliyochomekwa. Kisha tukaweka Linux Mint, mfumo endeshi wa bure, badala ya Windows. RAM (kumbukumbu ya kazi) ya GB 4 inatosha. Nywila mpya ya barua pepe kaiandika kwenye daftari la kabatini, na uthibitisho wa hatua mbili (ukaguzi wa pili baada ya nywila) unakwenda kwenye simu yake, si yangu. Hapo ndipo shangazi alipotulia: kumbe alidhani nachungulia pesa za mzee.

Kaka bado kanuna. Printa nayo imegoma.