Re: Neno "heretofore" kwenye kiapo cha uraia Marekani

Wadau habari zenu. Mama yangu mdogo ana intavyu ya uraia wiki ijayo, maswali ya historia ameshayameza yote ila kwenye kiapo kuna hili neno "heretofore" linamnyima usingizi, anadhani ni ahadi kwamba hatakanyaga tena nyumbani. Mwenye kujua atusaidie jamani.

---

Dada pole, na mwambie mama mdogo alale. Heretofore ni "kabla ya hapa", "mpaka sasa", basi. Ni neno la kuangalia nyuma, la kesho halimo kabisa. Sentensi yenyewe inasema naachana na utii kwa mfalme au dola yoyote ya kigeni ambayo mpaka leo nimekuwa raia wake, yaani anaachia utii, hajaahidi popote kwamba hatoenda kuzika au kusalimia wazee.

Asili yake sasa. Here ni hapa, tofore ni neno la zamani sana, kwenye Kiingereza cha kale lilikuwa toforan, maana yake mbele ya kitu au kabla yake, na hiyo fore ndo hiyohiyo iliyomo kwenye before. Tofore lenyewe watu walishaliacha siku nyingi, likabaki limejificha humo ndani ya heretofore, na heretofore nayo huisikii dukani wala kazini, wamebaki nayo wanasheria. Ukishajua here ni hapa ndugu zake wengine hawakusumbui: hereby ni "kwa tendo hili", iko mwanzoni kabisa mwa kiapo, hereafter ndo "kuanzia sasa", na nahisi hiyo ndo mama ameichanganya.

Hayo ya mfalme na dola yametoka kwenye sheria ya uraia ya 1795, enzi hizo wahamiaji wengi walikuwa watu wa chini ya wafalme wa Ulaya, ndo maana lugha nzito hivyo.

Ila asikariri tu, fomu ya kuombea uraia, N-400, inauliza kama anakielewa kiapo na afisa anaweza kumwambia aeleze. Ajibu kwa Kiingereza chepesi, "before now", inatosha.

---

Naongezea hapo. Kiapo ni upande wa Marekani, huku kwetu kila nchi ina lake. Mkenya wa kuzaliwa hapotezi uraia, katiba ya 2010 inamlinda. Mtanzania mtu mzima akichukua uraia wa nje, kwa sheria ya 1995 wa kwetu unamtoka, na Kongo katiba ya 2006 ibara ya 10 inasema uraia wa Kikongo ni mmoja tu, hauchanganywi na mwingine. Dada, mama mdogo ni wa wapi? Kama ni Mtanzania aulizie mapema mambo ya viza na kiwanja chake, kabla ya siku ya kuapa.